Kabla hujakata kichwa cha tovuti yako

Arafa iliyowafikia wafugaji asubuhi ile ilisomeka hivi: "Chanja ng’ombe wako dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo kabla ya Ijumaa." Ilitoka kwa shirika dogo lenye ofisi karibu na Barabara ya Ngong, Nairobi, linalowapa wafugaji ushauri wa mifugo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeiunganisha tovuti yao na huduma ya kutuma arafa. Kufikia saa nne simu ya ofisi ilikuwa haitulii. Mzee mmoja wa Limuru alitaka kujua kama 8217 ndiyo namba ya chanjo anayopaswa kumwonyesha daktari wa mifugo.

"Mwalimu, kosa ni langu," nilimwambia katibu wa shirika, mama aliyestaafu ualimu na ambaye kila mtu ofisini bado anamwita hivyo.

"Hilo tutalizungumza baadaye, mwanangu," alinijibu. "Kwanza watumie watu ujumbe unaosomeka."

Wiki mbili hazikuisha kabla kampuni moja ya kutengeneza tovuti haijamwekea mezani makadirio ya gharama. Walimwambia kwamba tovuti yake imepitwa na wakati, kwamba dunia sasa inatumia mifumo isiyo na kichwa, na kwamba ile 8217 ndiyo ushahidi. Bei waliyoitaja ilizidi pesa zote ambazo shirika lilikuwa limetenga za kutuma arafa mwaka ule. Mwalimu akanipigia simu: nije nimweleze, kwa Kiswahili anachokielewa, kichwa gani hicho kinachotakiwa kukatwa na kwa nini.

Nimeketi katika mikutano ya namna hiyo mara nyingi, Westlands, Kilimani, Upper Hill, na karibu kila mara swali linaloulizwa ni lipi la kisasa zaidi. Naamini swali hilo linawagharimu watu wetu pesa, na wakati mwingine linawagharimu zaidi ya pesa.

Mfumo wa kimapokeo wa kusimamia maudhui ni ule unaofanya kazi zote mbili chini ya paa moja: unahifadhi maandishi na picha, kisha unavivika sura anayoiona msomaji. WordPress, iliyotolewa Mei 27, 2003, ndiyo inayojulikana zaidi, na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Drupal ilitangulia, 2001. Joomla ikafuata 2005, na jina lake ni neno letu "jumla" lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Huwa nafurahi kila ninapowakumbusha wanafunzi wangu hilo. Mwandishi anaingia kwenye dashibodi, anaandika, anabonyeza kitufe, na makala inaonekana. Kiolezo cha kurasa na ghala la maandishi vinaishi pamoja.

Mfumo usio na kichwa unabaki na ghala peke yake. Contentful, Strapi, Sanity na wenzao wanahifadhi maudhui na kuyatoa kupitia API, yaani njia ambayo programu moja huchukulia data kutoka kwa nyingine, yakiwa data tupu: hiki ni kichwa cha habari, hii ni tarehe, hii ni aya ya kwanza. Sura yake ni kazi ya programu nyingine utakayoiandika wewe, iwe tovuti, programu ya simu au skrini ya ukumbini. Mimi ningeuita mfumo usio na uso, kwa sababu akili yote ipo palepale na kilichoondolewa ni sura tu, lakini jina la kichwa limeshashika.

Sasa turudi kwa ng'ombe wa Limuru. Alama iliyo katikati ya ng na o, ile ritifaa tuliyofundishwa shule ya msingi, kwetu ni sehemu ya tahajia: bila yake neno ni jingine. WordPress, inapoyaandaa maandishi kwa ajili ya ukurasa, huichukua ritifaa iliyonyooka na kuipinda ili ipendeze machoni, na katika msimbo wa ukurasa huiandika ’. Kivinjari kinaielewa na kuionyesha vizuri. Tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016, WordPress yenyewe ina API ya kutolea maudhui, na API hiyo inatoa maandishi kwa namna mbili: yakiwa yameshavikwa kwa ajili ya ukurasa, au yakiwa kama mwandishi alivyoyaandika, na haya ya pili huyapata mwenye ruhusa ya kuhariri. Mimi nilichukua yaliyovikwa. Nilipochukua yale mengine, tatizo likaisha, na kazi hiyo ilinichukua mchana mmoja.

Lakini ndani ya kosa hilo kuna somo kubwa kuliko marekebisho yake. Arafa moja inabeba herufi 160 ikiwa herufi zote zimo katika alfabeti ya msingi ya GSM, mfumo wa simu za mkononi. Ikiingia herufi moja tu isiyo ya humo, arafa nzima inashuka hadi herufi 70. Ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ujumbe wetu ule, ukihesabu nafasi na nukta, una herufi 72. Kwa ritifaa iliyonyooka ni arafa moja. Kwa iliyopinda ni mbili, na shirika linalipia mbili kwa kila mfugaji aliye kwenye orodha.

Je, mfumo usio na kichwa ungetuokoa? Ungenizuia nisifanye kosa langu, ndiyo, kwa sababu hauna mazoea ya kuyavika maandishi kwa ajili ya ukurasa wa wavuti. Usingezuia la pili, la ritifaa iliyopinda. Ofisa wa mawasiliano akiandika ujumbe wake katika Word, programu hiyo inaipinda ritifaa kabla haijafika kwenye mfumo wowote, na mfumo usio na kichwa utaihifadhi kwa uaminifu na kuituma hivyohivyo. Shirika lilihitaji mtu wa kukaa chini na kuuliza: maneno haya yanatoka hapa yakienda wapi?

Hilo ndilo swali ambalo wazo la kutenganisha ghala na sura lilizaliwa nalo, na wazo lenyewe naliheshimu sana. Redio ya umma ya Marekani, NPR, ilieleza mwaka 2009 jinsi ilivyojenga mfumo wake kwa msimamo mmoja: andika mara moja, chapisha kila mahali. Habari ileile ilitoka kwenye ghala moja ikaenda kwenye tovuti yao, kwenye programu za simu na kwenye tovuti za vituo washirika. Hawakuwa wanafuata mtindo. Walikuwa na milango mingi ya kutokea, na kila mlango ulitaka maneno katika umbo lake.

Na si lazima twende Marekani kutafuta mfano. Ushahidi, iliyozaliwa hapa nyumbani Januari 2008 katika siku zile za machafuko baada ya uchaguzi, tangu mwanzo ilipokea taarifa za wananchi kwa arafa, kwa barua pepe na kwa wavuti, ikaziweka kwenye ramani. Baadaye msimbo wake uligawanywa vipande viwili, kimoja API na kingine sura. Ukiutazama mgawanyo huo unaona sababu yake: taarifa zinaingia kwa njia nyingi na kutoka kwa njia nyingi, na ukurasa wa wavuti ni mmoja tu kati ya wageni wanaobisha hodi ghalani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwomba mteja afanye ni kuhesabu milango. Nataka ile iliyopo leo, au iliyo na bajeti na tarehe. Ile ya "huenda siku moja tukawa na programu ya simu" siihesabu. Hapa Nairobi milango hiyo mara nyingi si ile wanayoitaja wauzaji. Wao wanazungumzia saa za mkononi na vipaza sauti vinavyoongea. Sisi tuna arafa, tuna USSD ambako mtu anabonyeza nyota na namba kwenye kabambe yake, simu ya kawaida isiyo ya kisasa, tuna WhatsApp, tuna runinga ya ukutani katika chumba cha kusubiri cha zahanati. Mwenye mitatu ya namna hii, yote ikitumia maneno yaleyale, ana hoja nzito ya kutenganisha. Mwenye tovuti peke yake hana.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nani atabaki na kitu hiki?

Shirika jingine la hapa jijini, nalo silitaji, linaendesha simu ya msaada kwa wanawake wanaopigwa nyumbani. Walikuwa wamehamia mfumo usio na kichwa, kazi nzuri, safi, kurasa zinafunguka haraka ajabu. Namba yao ya simu ikabadilika. Ofisa wa mawasiliano akaingia kwenye dashibodi, akaandika namba mpya, akahifadhi, akaona alama ya kijani. Kwenye tovuti namba ikabaki ya zamani. Akahifadhi tena. Alama ya kijani tena, namba ya zamani tena. Katika mpangilio wao, kuhifadhi kwenye ghala kulipaswa kuiamsha huduma nyingine izijenge kurasa upya, na huduma hiyo ilikuwa imeshindwa kwa sababu ya toleo la maktaba moja ya msimbo, ikawa inatuma taarifa za kushindwa kwenye barua pepe ya kijana aliyeijenga. Kijana alikuwa ameshapata kazi na kampuni ya ng'ambo inayomlipa kwa dola akiwa nyumbani kwake. Ilichukua siku tisa kumpata mtu mwingine aliyeweza kufungua kila mlango: ghala lina nenosiri lake, msimbo una mahali pake, huduma ya kujenga ina akaunti yake, na kurasa zinakaa kwa mwenyeji wa nne, yaani kampuni inayozihifadhi. Siku tisa za wanawake kupiga namba isiyokuwa yao tena. Silifikirii jambo hilo bila kuumia.

Mtu ataniambia hilo ni kosa la usimamizi, halihusiani na teknolojia. Nakubali nusu. Kila mfumo unaharibika usipotunzwa. Tofauti ni kwamba WordPress ikiharibika, ndani ya jengo lolote la ofisi pale Moi Avenue utapata fundi wa tovuti aliyewahi kuliona tatizo lako. Huenda si fundi bora, lakini ataingia, ataona, na ataibadilisha namba ya simu. Asilimia zile 40 na zaidi nilizozitaja ni mafundi wengi sana, ni vijana wengi sana waliojifunzia kazi hapo. Mfumo uliojengwa kwa vipande vinne, kila kimoja kikiwa kimechaguliwa na mtu mmoja kwa ladha yake, una fundi mmoja. Akiondoka, mrithi wake analazimika kuanza kwa kusoma akili ya aliyeondoka.

Kuna na suala la kuona unachokiandika. Katika mfumo wa kimapokeo, ofisa anabonyeza kitufe na kuiona makala kama msomaji atakavyoiona, kabla haijatoka. Katika mfumo usio na kichwa, ghala halijui sura itakuwaje. Uwezo wa kuitazama rasimu unajengwa na mwanaprogramu, ni kazi ya ziada, na kwa uzoefu wangu ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Waandishi wanabaki wakijaza visanduku vya fomu. Mhariri mmoja aliniambia anahisi kama anapika akiwa amefungwa macho.

Kuhusu kasi, wauzaji wana haki nusu pia. Kurasa zilizojengwa mapema na kuwekwa tayari kama faili zilizokamilika zinafunguka haraka kuliko WordPress iliyorundikiwa plagini 30, vile vipande vya programu vya nyongeza. Lakini kuna namna nyingine ya kujenga, ambapo simu ya msomaji inapelekewa ganda tupu na rundo la JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari chenyewe, kisha inaambiwa ijijengee ukurasa yenyewe. Mlinzi wa jengo letu, kaka yangu mpole sana, hutumia Opera Mini kwa sababu inabana matumizi ya bando. Kivinjari hicho hupitisha ukurasa kwenye seva za Opera, ukafinywa huko kabla haujafika kwenye simu, na JavaScript inapewa nafasi finyu tu. Siku moja nilimwomba anifungulie tovuti mpya ya mteja, iliyokuwa imetoka kusifiwa mkutanini kwenye kompyuta ya bei kubwa. Alinionyesha ukurasa mweupe wenye duara linalozunguka.

"Ngoja kidogo, kaka, labda ni mtandao," akaniambia.

Haukuwa mtandao. Tangu siku hiyo namwambia kila mteja: kabla hujalipa awamu ya mwisho, zima JavaScript kwenye kivinjari, ufungue tovuti yako. Kama maneno hayaonekani, kazi haijaisha, na haijalishi imejengwa juu ya mfumo gani. WordPress yenye kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa tayari) iliyopangwa vizuri inaupita mtihani huu bila jasho.

Halafu dola. Huduma nyingi za mifumo isiyo na kichwa hulipiwa kila mwezi kwa dola, na bei hupanda kadiri idadi ya waandishi au ya maombi kwenye API inavyopanda. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka uleule ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Tuseme unalipa dola 300 kwa mwezi: bili yako ilicheza kati ya shilingi 48,000 na 39,000 bila wewe kuongeza hata neno moja kwenye tovuti. Mweka hazina wa shirika dogo hawezi kuipangia bajeti bili ya namna hiyo kwa amani. Mwenyeji wa tovuti wa hapa nyumbani anataja bei ya mwaka kwa shilingi, unalipa kwa M-Pesa, unapata risiti. Unaweza, kweli, kuchukua Strapi ambayo msimbo wake ni huria na kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Basi umejiajiri kazi ya kuilinda seva hiyo, na tunarudi kwenye swali la nani.

Kwenye usalama, hoja ya kukata kichwa ina nguvu ya kweli. Dashibodi ya WordPress inajulikana anwani yake na kila mwizi, na plagini zisizosasishwa ndizo mlango wao mkuu. Oktoba 15, 2014 Drupal ilitangaza udhaifu mbaya kiasi kwamba wasimamizi wake baadaye waliwaambia wenye tovuti: kama hukuziba ndani ya saa saba, chukulia kwamba umeshaingiliwa. Saa saba! Shirika la watu watano lisingekuwa limesoma hata hiyo barua pepe. Kurasa ambazo ni faili zilizokamilika hazina hifadhidata ya kuvamiwa. Hata hivyo nimeona funguo za API zikiwa zimeachwa ndani ya msimbo unaosomwa na kivinjari, wazi kwa yeyote anayejua kubonyeza mahali pa kutazama.

Wala asikudanganye mtu kwamba upande wa kimapokeo ni bahari tulivu. Septemba 2024 ugomvi ulizuka kati ya wakuu wa WordPress na kampuni ya WP Engine, na Oktoba plagini ya Advanced Custom Fields, ambayo nimeitumia katika kazi zangu nyingi, ilichukuliwa kwenye ghala rasmi la plagini na kupewa jina jipya, Secure Custom Fields. Tovuti hazikuanguka, lakini wiki hiyo nililala vibaya. Plagini hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuyagawa maudhui katika visehemu: ugonjwa gani, kaunti gani, tarehe gani, ushauri kwa ufupi.

Na hapo ndipo nilipomfikisha Mwalimu. Kazi kubwa aliyoihitaji ilikuwa kuacha kuyaona maudhui yake kama kurasa na kuanza kuyaona kama vipande vyenye majina. Kazi hiyo inawezekana ndani ya WordPress aliyokuwa nayo, na ikifanywa vizuri, siku akihitaji kuhamia kwingine vipande vitahama na majina yake. Asiyeifanya, hata akinunua mfumo usio na kichwa wa bei gani, atamimina humo donge lilelile la maandishi yaliyochanganyika na rangi na ukubwa wa herufi. Nilimwambia abaki alipo. Nilimwambia pia kwamba siku wakiongeza USSD na programu ya maofisa wa nyanjani, na wakawa na angalau wanaprogramu wawili walioajiriwa wenye kujua kazi ya mwenzao, aniite tena, na nitakuwa wa kwanza kutetea kukata kichwa.

Makadirio yale ya gharama aliyarudisha kwa barua ya heshima. Kwenye fomu ya kuandikia makala tuliongeza kisanduku kimoja kinachoitwa "Arafa", chenye kihesabio pembeni kinachoonyesha herufi zilizobaki.

Juzi nilimkuta akikijaribu. Alibandika ujumbe kutoka Word, kihesabio kikaruka na kuwa chekundu: herufi 72, nafasi 70. Akasogeza miwani, akapeleka kidole kwenye neno ng'ombe, akafuta ritifaa iliyopinda, akaandika iliyonyooka. Kihesabio kikawa kijani, 88 zimebaki. "Haya," akasema, "sasa tuongeze na namba ya daktari."